Tuligombania Kuitwa Mama Ilham

Nna miaka arobaini na sita, mke wa mtu, mkaazi wa Mwembetanga hapa mjini Unguja. Skuli nimeishia darasa la kumi, kwa hivyo mtanisamehe pale nitakapoandika kama ninavyosema. Nimezoea kuyaandika mambo yangu kwenye daftari, kwa ajili yangu tu, lakini hili nimeona niwaletee nyinyi wasomaji wenzangu. Nimelifuta mara nyingi. Kila nikilisoma naona nimejipendelea. Nikilirekebisha naona nimempendelea aliyenidhulumu... na hilo pia silitaki, maana hasira yangu naye bado ipo.

Kazi yangu ilikuwa kupika udi na kuuza. Leo nakuhadithieni jinsi nilivyolijenga jina la udi ule, nilivyonyang'anywa, na nilivyolipiza.

Mwenyezi Mungu hakunijaalia kuzaa. Niliolewa mdogo, nikangoja, nikaenda hospitali, nikanywa dawa za kila namna. Hakuna. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu mpole, hakunitafutia mke mwenza wala hakunitupia neno. Lakini mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama Fulani, Mama Fulani. Wenzangu wote walikwisha kupata majina yao. Mie nimebaki Mize, kama msichana wa kutumwa dukani.

Ndipo mdogo wangu Salha, tumbo moja baba mmoja, alipoachwa na mumewe akiwa na mtoto mchanga. Alipata kazi ya ndani Maskati. Akaja kwangu na mtoto kamkumbatia, akaniambia, "Dada, kule hawataki mtu na mtoto. Nishikie mpaka nijiweke sawa."

Nikamshika. Hajaanza hata kutambaa. Jina lake Ilham.

Salha hakurudi mwaka ule wala uliofuata. Niwe mkweli, hakututupa. Alikuwa akituma nguo na maziwa, akipiga simu na kulia. Baadaye akaolewa huko huko, na ndoa ile nayo ikavunjika, akaendelea na kazi zake. Sikumlaumu hata siku moja. Ningemlaumu vipi? Alinipa kitu ambacho hospitali zote zilishindwa kunipa. Siku ya mwanzo jirani yangu aliponiita dirishani, "Mama Ilham, una chumvi?", nilimpa chumvi yote iliyokuwemo ndani, sisi tukala mchuzi wa dufu siku ile.

Udi tulifundishwa na marehemu mama yetu, mimi na Salha sote. Unatia sukari na marashi juu ya moto mdogo, unakoroga huku ukitia unga wa sandali, vijiti vya udi na miski, mpaka unashikana na kung'ara. Moto ukizidi unanuka sukari iliyoungua. Ukipungua haushikani. Nilianza kwa kupikia harusi za jamaa, kisha nikawa nauza kwenye vipakiti. Ilham akiwa bado skuli ndiye aliyekata karatasi na kuandika kwa mwandiko wake mzuri, "Udi wa Mama Ilham". Nikabandika.

Aliyeupeleka mbali udi wangu ni Bi Kazija. Huyu ni somo wa maharusi, yule mtu mzima anayemfunda bi harusi, akampamba, na kumfukiza udi kwenye chetezo kabla ya kwenda kwa mumewe. Kila penye shughuli Bi Kazija yupo, na kila alipo alikuwa na pakiti yangu. Ikawa kina mama wa Kikwajuni, Malindi, mpaka Bububu, wakiozesha lazima watafute udi wa Mama Ilham. Mwanamke mmoja alinambia mwanawe alikataa kutolewa ndani mpaka udi wangu ufike. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mume wangu jambo lile mpaka akaniomba nipumzike.

Nilijiona nimefika... na hapo ndipo nilipokosea. Ilham alipomaliza skuli aliniambia twende tukasajili jina la biashara, lisije likachukuliwa. Nikamjibu, "Nani asiyemjua Mama Ilham? Niende kujiandikisha kama mgeni?"

Akacheka. "Mama, wewe unaringa."

Kweli niliringa. Mume wangu naye aliwahi kuniuliza kwa nini nisiandike Udi wa Mize. Nikamwambia, "Nani anunue udi wa harusi kwa mtu asiye na mtoto?" Nilikuwa nikijificha nyuma ya jina la mtoto, na nikadhani nimejenga biashara.

Kisha Salha akarudi.

Alirudi moja kwa moja, na masanduku, na zawadi za kila mtu. Mume wangu alipata saa. Mimi nikapata mabuibui ya kitambaa kizuri, ambayo nikiyaona sasa kabatini nataka kuyatia moto, lakini ni mazuri na siwezi kusema vyengine. Akakaa kwetu. Tulikuwa tukicheka jikoni kama zamani mama yupo. Akaniomba nimkumbushe kupika udi, maana mkono ulikuwa umesahau. Nikamkumbusha. Hilo simhesabii wizi. Udi ni wa mama yetu, na yeye ni mtoto wa mama yetu kama mimi.

Na alinifundisha pia. Ndiye aliyenionesha kuwa pakiti inatoa harufu, udi ukikaa unakufa, na kwamba kopo lenye mfuniko ndilo linalouhifadhi. Alikuwa sahihi. Alikuwa akisema, "Dada, udi kama huu unaozea Mwembetanga. Huu ni wa kuonwa na watu. Niachie mie."

Nikamwachia. Ninyi mngefanya nini? Ndugu yako wa damu anakwambia niachie mie, utamuuliza karatasi?

Siku moja akaja na bashasha, kapata duka Mji Mkongwe, kichochoro cha Hurumzi, pale wanapopita wageni na wenyeji. Akaalika jamaa kuja kusoma dua. Nilivaa buibui lile jipya. Nilikwenda nikijua nakwenda kuliona duka letu.

Watu wamejaa, halua inapita, ubani unafuka. Nikainua macho kwenye rafu. Makopo ya rangi ya dhahabu, yamepangwa mazuri ajabu. Juu yake imeandikwa Mama Ilham, kwa maandishi ya kupinda. Na chini ya jina kuna picha ya mwanamke aliyejitanda mtandio, anatabasamu.

Picha ilikuwa ya Salha.

Nikamvuta pembeni. "Salha, hii nini?"

"Udi, dada."

"Na uso huu?"

"Wangu. Ulitaka niweke wa nani?"

"Mama Ilham ni mimi."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto, akasema, "Wewe umemlea, Mungu akulipe. Niliyemzaa ni mimi. Nasema uongo?"

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wanasikia. Nilingoja mmoja wao aseme neno. Hakuna aliyesema... kwa sababu Salha hakusema uongo. Hata leo nikiandika hapa natafuta wapi alisema uongo, sipaoni. Jina alikuwa keshalisajili, kwa majina yake, na hakuna aliyemzuia maana kila karatasi inasema mama wa Ilham ni yeye. Akaniomba, kwa adabu zote, nisiuze tena kwa jina lile, wanunuzi wasichanganyikiwe.

Nilitoka pale bila kuaga. Njia nzima mume wangu alinishika mkono, jambo ambalo hatujazoea kulifanya njiani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mahoteli ya Kiwengwa yalichukua makopo yake kwa ajili ya maduka yao. Bi Kazija naye akahamia kwenye kopo la Salha, akaniambia bila ya ubaya, "Jina si lile lile, mwanangu? Mie nilidhani mpo pamoja." Wateja wangu wakawa wananipita njiani wakanisalimia vizuri kabisa, mkononi wamebeba mfuko wa Hurumzi. Nilibaki na masufuria na vipakiti visivyokuwa na jina. Mtu akiniuliza huu udi wa nani, nilikuwa sijui nimjibu nini. Fikirini jambo hilo.

Ilham alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikaa kwangu, akaendelea kuniita Mama, na mdogo wangu akimwita Mama Salha. Alikuwa anakuja jikoni kunisaidia kuosha masufuria yasiyokuwa na kazi. Wakati ule alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa Mkunazini, anayefanya kazi hotelini Matemwe, mtoto wa watu wazuri. Mama wa kijana, Bi Shemsa, alikuwa akimpenda Ilham mpaka anamletea mkate wa kumimina mkono kwa mkono. Nilitakiwa nishughulikie harusi ile. Badala yake nilikuwa nalala nikimuwaza Salha, naamka nikimuwaza Salha.

Huenda ningeyameza. Wallahi huenda. Lakini Salha akaja siku moja nyumbani, akakaa kwenye mkeka wangu, akasema oda zimemzidi na anayepika ni yeye peke yake. "Njoo upike dukani, dada. Pale nyuma pana jiko. Nitakuweka sawa na wale wasichana wengine."

Na wale wasichana wengine!

Nilimpikia chai, akanywa, akaondoka. Na mimi nikakaa nikafikiri vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayepanga kukata nguo.

Nikasema, amechukua jina. Basi nitampa jina, mpaka limshinde.

Wasomaji wa bara labda hamjui. Kwetu mtu anayemgusa bi harusi huangaliwa. Hina yake, maji yake ya kuoga, udi wake, havitoki kwa mtu yeyote tu. Wazee hawataki mkono wa mtu ambaye nyumba yake haikusimama, wanaogopa nuksi itamfuata bi harusi. Mimi mwenyewe siamini sana. Lakini nilijua nani anaamini.

Palikuwa na harusi Kikwajuni. Nikenda mapema, nikamkuta Bi Kazija chumbani na chetezo chake, anapepea makaa. Kopo la dhahabu liko pembeni. Nikamwamkia, akanipokea, nikakaa karibu yake.

"Siku hizi hunipikii tena," akasema.

"Sipiki, Bi Kazija. Apika mdogo wangu."

"Kwa mkono wake? Mie nikidhani ana wasichana."

"Wasichana wanaosha. Anapika mwenyewe. Maskini, baada ya talaka ya pili kaona afadhali ajishughulishe."

Mkono uliokuwa ukipepea ukasimama. "Ya pili?"

"Ya huku na ya Maskati. Huyo ndiye Salha. Kila nyumba anayoingia haisimami, sijui kwa nini. Tumuombee."

Bi Kazija akalitazama lile kopo. Hakulifungua. Akaagiza watu dukani wakalete ubani mtupu.

Mnaona nilivyofanya? Sikusema uongo hata neno moja. Nilijisifu kwa hilo wakati ule. Mimi ni mtu wa haki, nikasema moyoni, nimesema yaliyopo. Hata ile "tumuombee" niliisema kwa sauti nzuri.

Yaliyobaki walifanya wengine. Bi harusi mmoja aliyefukizwa udi wa kopo alirudi kwao fungate halijamalizika. Mji mzima unajua sababu, kijana alikuwa na mke Dar es Salaam na watoto, akawaficha. Lakini watu hawakuulizia mke wa Dar. Waliuliza udi. Neno likaenda Malindi, likaenda Bububu. Udi wa Mama Ilham una nuksi. Mwanamke mmoja alisema hata akiupita dukani anashika buibui lake lisiguse mlango.

Nilikuwa nikisikia naona utamu. Sitawaficha. Kila nikiletewa habari kuwa harusi fulani wamekataa kopo, nilikuwa nakwenda jikoni nikacheka peke yangu. Nilipita Hurumzi makusudi, nikimwona Salha amekaa mlangoni anafuta makopo vumbi. Wageni wa Ulaya walikuwa wakinunua mawili matatu, wao hawana habari na nuksi. Lakini mvua za masika zikaja na wageni wakapungua. Duka la udi kwetu linasimama kwa maharusi, na maharusi walikuwa wamekwisha.

Nikasema sasa watarudi kwangu.

Nikapika sufuria zima, nikatia kwenye makopo safi, nikapita nyumba kwa nyumba kwa wateja wangu wa zamani. Wa kwanza alinikaribisha, akanipa maji, nikatoa kopo. Akarudi nyuma kidogo kwenye kiti.

"Huu si udi wa Mama Ilham?"

"Wangu huu. Si ule wa Hurumzi."

"Na wewe si Mama Ilham?"

Nikalirudisha kopo kikapuni. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu hawakunifungulia. Nilikuwa nimelijenga jina lile mwenyewe, miaka, bi harusi mmoja mmoja, na nilipolichoma lilikuwa bado limo mwilini mwangu. Nikarudi nyumbani na kikapu kizima. Na bado sikuelewa! Nilidhani hasara yangu ni udi tu.

Wiki ile Bi Shemsa alikuja. Hakuja na mkate. Alikuja na dada yake, wamevaa vizuri, wamekaa ukingoni mwa kiti kama watu wasiotaka kukaa. Nikamwita Ilham alete juisi.

Bi Shemsa alianza mbali. Akaulizia afya, akaulizia mume wangu, akaisifu nyumba. Mwisho akasema, "Mama Ilham, mwanao hana ila. Sikuona msichana kama yule."

"Alhamdulillahi."

"Tatizo ni hilo jina. Kila nikitaja naozesha kwa Ilham, naulizwa, Ilham yupi, wa udi? Sie si watu wa kuamini mambo hayo. Lakini mama mkwe wangu ni mtu mzima, amesema hataki, na mume wangu hawezi kumvunja mama yake."

Nikasema haraka haraka, "Huyo wa udi si mimi, ni Salha. Mimi nyumba yangu imesimama, mnaiona."

Dada yake Bi Shemsa ndiye aliyenijibu. "Na Salha si ndiye aliyemzaa?"

Hapo nikaona hakuna njia nyengine. Nikajivua nguo mbele yao. Nikawaambia maneno yale nimeyaanza mimi, nimeyatia mimi kwenye sikio la Bi Kazija, kwa hasira zangu, hakuna nuksi wala kitu gani. Nikamshika Bi Shemsa mikono. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa huruma.

"Kwani ulisema uongo?" akaniuliza. "Hakuachika mara mbili?"

Ningekuwa nimezua, ningezua tena nikafuta. Lakini nilichosema kilikuwa kweli, na kweli sikuweza kuirudisha.

"Ameachika," nikasema.

"Basi, shoga yangu. Tusameheane."

Nilipogeuka, Ilham alikuwa amesimama kwenye pazia na sinia ya juisi. Sijui amesimama tokea wapi kwenye maneno yale. Aliingia, akaziweka gilasi mbele ya kila mmoja, akasema karibuni. Wageni walikunywa kidogo kwa adabu, wakaenda zao.

Siku ya pili Ilham alimwita Salha. Tukakaa mimi na ndugu yangu kwenye mkeka mmoja, hatutazamani, na mtoto amekaa kwenye kiti mbele yetu kama kadhi. Salha alikuwa amekwisha kujua nimefanya nini. Akaanza, "Huyu dada yangu..." Ilham akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mama Salha, wewe umenizaa. Mama, wewe umenilea. Sina la kuwalipa," akasema. "Lakini nyote mwanipigania kama kibao cha duka. Mmoja kalichukua jina langu akaliweka chini ya picha yake. Mmoja kaona hawezi kulipata, akalitia uchafu. Nani aliniuliza mie? Ilham ni nani? Si ni mimi?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa naomba mlitoe. Kwenye makopo, kwenye mlango, na midomoni mwenu. Mniachie nione kama litasafika."

Akaenda Pemba, Chake, kwa shangazi yake wa kwa baba. Mume wangu alimpeleka bandarini. Mimi aliniaga ndani, akanibusu mkono, hakutaka niende.

Salha alishusha kibao chake kabla ya mwezi kwisha. Nilikuwepo. Nilisimama ng'ambo ya kichochoro nikatazama fundi anakifungua misumari, na nilifurahi. Nawaandikia hivi makusudi, kwa sababu nimesoma mikasa mingi ambayo mwandishi mwishoni husema amesamehe. Mimi sijasamehe. Salha aliponiona alivuka akaja mpaka mbele yangu.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Ningekuwa mimi pia ningefurahi," akasema, akarudi kuokota makopo yake.

Tangu hapo hatujasemezana, na tunakaa mitaa miwili inayopakana. Nikimwona sokoni Darajani damu inanichemka. Kisha nakumbuka kuwa si yeye aliyempeleka Ilham Pemba. Aliiba jina, ndiyo. Lakini lilipokuwa kwake lilikuwa linang'ara. Aliyelizamisha ni mimi. Nikilipima kwa haki, na nimelipima sana, sioni kama yeye ndiye mbaya zaidi. Hilo ndilo linalonichoma.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi kina mama mnaoanza na sufuria moja jikoni. Nnawaombeni. Usikipe kitu unachouza jina la mtu ambaye hana sauti ya kukataa, hata ukimpenda vipi. Mtoto ana maisha yake ya kuishi na jina lile, utakapofunga wewe duka. Tumia jina lako, hata kama unaliona dogo, hata kama halina mtoto nyuma yake. Na ukishalitia kwenye kopo, kalisajili, usiseme kila mtu ananijua. Wa kunidhulumu mimi alikuwa ananijua tokea tumboni.

Na ikitokea umedhulumiwa, dai. Nenda kwa wazee, nenda mahakamani, piga kelele sokoni ukitaka. Lakini usilitukane jina ambalo wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha watu kulipenda. Hawatajua wapi linaanzia la mwenzio na wapi linaishia lako. Mimi nilitaka kumkomoa mtu mmoja, nikamfungia mwanangu mlango aliokuwa ameshaweka mguu ndani.

Sijui kama nimeeleza sawasawa. Ilham hupiga simu siku za Ijumaa. Ni mwema, anauliza kila kitu. Ila siku hizi ananiita mama mkubwa. Sijathubutu kumuuliza.

Juzi alipiga si Ijumaa. Amepata mchumba huko Chake, mwalimu, na familia ya kijana haina habari yoyote na udi wa mjini. Harusi ni baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Hija. Ametualika sote wawili, mimi na Salha, na ameshatuchukulia tiketi za boti, viti vilivyo pamoja. Akasema ana ombi moja tu kwetu, tuje mikono mitupu. Udi atakaofukizwa ameshaununua mwenyewe, kwa mtu wasiyejuana naye.